Jirani Anaulaje? Vidokezo vya Kula Mimea ya Asili

Mboga ileile ambayo mtu wa Dodoma anaila na ugali wa uwele, mtu wa Cairo anaimwagia juu ya wali, na Myoruba wa Ibadan anaila na ugali mweusi wa viazi vikuu. Mmea ni mmoja, majiko ni mbalimbali. Ukizunguka masoko na kusikiliza watu, utagundua kwamba wengi wameacha mboga za kwao kwa malalamiko yaleyale: ni chungu, inateleza, ni chakula cha njaa. Na mara nyingi dawa ya malalamiko hayo iko kwa jirani, mkoa wa pili au nchi ya pili, ambako watu wameishi na mmea huohuo wakapata njia nyingine ya kuula. Vidokezo hivi ni vya anayetaka kuchuma, kununua, kupika au kupanda, huku akichungulia chungu cha mwenzake.

1. Si kila cha kienyeji ni cha asili

Muhogo, mahindi, viazi vitamu na maboga vilitoka Amerika, na Wareno ndio walioleta vingi vya mwanzo. Sukuma wiki ni jamaa wa kabichi kutoka Ulaya. Embe na zambarau zina asili ya Asia. Hata mchicha wa bustanini, kwa aina kadhaa zinazolimwa sana, ukoo wake uko Amerika. Hakuna sababu ya kuviacha, maana kisamvu cha nazi na matembele ni mapishi yetu kabisa. Lakini ukitafuta mimea iliyokulia Afrika tangu kale, anza na kunde, ngogwe, mgagani, mnavu, ubuyu, bungo na ukwaju, ambao wengi hudhani ni wa India.

Tofauti hii ina faida shambani. Mimea ya asili imezoea jua na vipindi vya ukame wa huku. Mgagani, kwa mfano, unaota vizuri kwenye joto kali na unaweza kuanza kuchumwa mwezi mmoja hivi baada ya kuota.

2. Uchungu wa mgagani uachie maziwa, na muda

Kisii wanauita chinsaga, Wajaluo akeyo, Rwanda isogi, Zimbabwe nyevhe. Kila mahali wanakubaliana kwamba ni mchungu. Wanapotofautiana ni namna ya kushughulika nao.

Anayeukaanga upesi kwa kitunguu na nyanya, kwa mtindo wa sukuma wiki, huishia kuilaumu mboga. Tazama wanavyofanya akina mama wa Nyanza. Majani hunyambuliwa kwenye vikonyo, huoshwa, huchemshwa hadi yalainike kabisa. Kisha humiminiwa maziwa, na chungu hukaa kwenye moto mdogo. Kesho yake kinapashwa na kuongezwa maziwa mengine. Keshokutwa vivyo hivyo. Mboga inazidi kuwa laini na nzito, uchungu unatulia nyuma ya utamu wa maziwa, na anayeionja siku ya tatu hawezi kuamini ndiyo ile ya siku ya kwanza. Kisii hupewa mama aliyejifungua, na si kwa desturi tupu: mgagani una madini ya chuma na vitamini A kwa wingi.

Nenda kusini, Zimbabwe, ukakute njia nyingine. Majani huchemshwa, huanikwa hadi yakauke, huwekwa akiba ya kiangazi, na siku ya kupikwa hutiwa karanga zilizosagwa. Karanga hufanya kazi ileile ya maziwa, kwa kuwa mafuta yake hufunika ukali. Sasa fikiria mtu wa Singida au Tabora, mwenye ng'ombe zizini na karanga ghalani, ambaye anaupita mgagani kando ya shamba lake kwa kuwa ni mchungu. Ana dawa zote mbili nyumbani.

Usipokuwa na kimoja wala kingine, changanya. Magharibi mwa Kenya mgagani hupikwa pamoja na kunde au mlenda ili ukali ugawanyike. Pwani tui la nazi linatosha.

3. Utelezi wa mlenda ndio utamu wake

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu mlenda umeonewa sana. Vijana wengi wa mjini wanaukataa kwa kuwa unavutika. Wangejua ni watu wangapi duniani wanautafuta kwa ajili ya hilohilo!

Ugogoni, mlenda wa porini huchumwa masika, ukakaushwa, ukatwangwa kuwa unga unaokaa mwaka mzima. Kuupika ni kazi ya dakika chache. Maji yakichemka na magadi kidogo, unga hunyunyizwa huku ukipekechwa kwa upekecho uliosimama katikati ya viganja viwili, ukazungushwa mbio mpaka povu lijae na mlenda uanze kupanda. Karanga zilizosagwa au nyanya hufuata. Tonge la uwele likizamishwa humo huteremka lenyewe kooni, na ndiyo maana chakula hiki kinawafaa hata wazee wasio na meno.

Kakamega na Busia, ambako mlenda huitwa mrenda, hupikwa ukiwa mbichi, na mahali pa magadi hutumika munyu wa kienyeji, yaani maji yaliyochujwa kupitia majivu ya maganda ya maharage. Nigeria, Wayoruba wanauita ewedu. Huupiga ndani ya chungu kwa kifagio kifupi kiitwacho ijabe mpaka majani yasagike, kisha huumwaga sahani moja na mchuzi wa maharage. Misri ndiyo molokhia: majani hukatwakatwa kwa kisu cha upinde chenye mipini miwili, hupikwa kwenye supu ya kuku au sungura, na mwishoni kitunguu saumu na giligilani vilivyokaangwa kwenye samli humwagwa juu vikiwa vinalia. Wakati mlenda wa kwetu umekosa wapenzi, mezani mwa Wamisri ni chakula cha wageni.

Ushauri wangu: mpikie mtoto anayekataa mlenda kwa njia ya Misri kwanza, kwa supu ya kuku na kitunguu saumu, juu ya wali. Wa karanga atauzoea baadaye. Na magadi yawe machache sana, kwani yakizidi huharibu vitamini C, pamoja na kuacha ladha ya sabuni. Ukiwa unakausha wako, anika kivulini penye upepo. Jua kali hula vitamini A.

4. Mnavu usikutishe, ila jua cha kuacha

Vitabu vingi vya Ulaya vimeuweka mnavu kwenye orodha ya mimea ya sumu, na msomaji wetu akikuta hivyo mtandaoni hushtuka. Mnavu ni ukoo mpana wenye aina kadhaa. Huku majani yake machanga yameliwa vizazi na vizazi, yakiwa yamechemshwa. Cha kuogopwa ni tunda bichi la kijani, lenye solanini. Hilo usile wala usimwachie mtoto.

Aina ya majani mapana inayolimwa Kilimanjaro, Arusha na magharibi mwa Kenya ina uchungu mdogo kuliko mnavu mdogo unaojiotea. Kenya ya kati wanauita managu na huupika kwa maziwa. Nyanda za Bamenda, Cameroon, jina ni njama njama, na huuchemsha kisha wakaukaanga kwa kitunguu na nyanya, ukaliwa na ugali wa mahindi na kuku wa kuchoma. Ukipelekewa sahani hiyo ukiwa umefumba macho utadhani uko Moshi. Mauritius na Réunion huupika kuwa mchuzi mwepesi wa tangawizi na kitunguu saumu, wakala na wali. Kwa mtu wa Tanga au Mombasa, ambaye wali hauondoki mezani, hii ndiyo njia ya kujaribu.

5. Uliza pia ni sehemu gani inayoliwa

Ngogwe, au nyanya chungu, kwa Watanzania ni tunda. Tunaliweka kwenye mchuzi wa samaki au maharage, na basi. Vuka mpaka uingie Buganda: aina nyingine ya mmea huohuo, nakati, hulimwa kwa ajili ya majani, na hufungwa mafungu mazuri ya kijani sokoni Kampala. Mganda wa mjini anaweza kuishi bila ngogwe, lakini si bila nakati. Kwa Waigbo wa Nigeria tunda hupewa mgeni likiwa bichi, pamoja na karanga zilizosagwa zenye pilipili. Likavuka Atlantiki pamoja na Waafrika waliouzwa utumwani, na leo Brazil wanaliita jiló na kulikaanga.

Arusha, kituo cha World Vegetable Center kimekuwa kikifanya kazi ya kuboresha ngogwe na mboga nyingine za Afrika tangu miaka ya 1990, na aina ya Tengeru White, yenye matunda meupe yasiyo makali, inajulikana kwa wakulima wengi wa kaskazini. Kama unataka tunda, hiyo ni habari njema. Lakini kama unataka majani, tafuta mbegu ya nakati kutoka Uganda, maana majani ya aina za tunda huwa magumu na yenye uchungu zaidi.

Kunde nazo zina habari ya namna hiyo. Sisi tunakula majani na punje, Afrika Magharibi wanazipenda zaidi punje, wakizisaga na kukaanga vitumbua vya akara.

6. Mbuyu una zaidi ya ubuyu

Mwulize mtoto wa Zanzibar au Mombasa, atakwambia mbuyu ni pipi nyekundu yenye sukari, iliki na pilipili. Ni tamu, sibishi. Lakini ni sehemu ndogo ya mti huu.

Senegal, majani ya mbuyu hukaushwa, hutwangwa, na unga wake, lalo, huchanganywa kwenye kuskusi ya uwele ili ishikane na iteremke vizuri. Kaskazini mwa Nigeria, unga huohuo, kuka, ndio msingi wa mchuzi unaopikwa katika nyumba za Wahausa karibu kila wiki. Kwetu, Dodoma na Singida, wapo wanaopika majani machanga ya mbuyu, lakini nje ya maeneo hayo ni wachache wanaojua hata kwamba yanaliwa. Huku mibuyu imejaa kuanzia Kilifi hadi Iringa!

Kordofan, Sudan, watu walichimba vigogo vya mibuyu na kuvifanya matangi ya maji ya mvua, na unga wa tunda wanautengenezea kinywaji. Malawi wana juisi ya malambe, ambayo huuzwa kwenye chupa madukani. Wahadzabe wa Ziwa Eyasi hutwanga unga pamoja na mbegu zake, wakapata chakula chenye mafuta na protini, si uchachu peke yake. Umoja wa Ulaya uliruhusu ubuyu uuzwe kule kama chakula kipya mwaka 2008. Kipya kwao.

Namna ya kuutumia nyumbani: unga wa ubuyu usiuchemshe. Una vitamini C nyingi kuliko chungwa, na moto huiua. Pika uji wako wa mtama, uepue, uache upoe kidogo, ndipo ukoroge ubuyu ndani. Mbegu zioshe, uzianike, uzikaange na kuzitwanga.

7. Tunda linalooza chini ya mti, huenda lina sherehe kwingine

Mng'ongo huota sehemu nyingi za Tanzania, na mara nyingi matunda yake huachiwa mifugo. Namibia, matunda hayohayo huwakusanya watu kusherehekea kinywaji chake, na sherehe hiyo UNESCO iliiingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia usioshikika mwaka 2015. Afrika Kusini imeyafanya kileo cha krimu, Amarula, kinachouzwa nchi nyingi. Ndani ya kokwa kuna punje za mafuta, tamu sana, ingawa kuzitoa kunataka subira na jiwe zuri.

Mabungo, Pwani tunakamua juisi. Senegal wana ndugu yake, madd, na wanamla kwa kijiko papo hapo, wakitia sukari, chumvi na pilipili ndani ya ganda lililofunguliwa. Jaribu. Utashangaa kwa nini tulikuwa tunaongeza maji.

Masuku ya Ruvuma na Mbeya msimu wake hugongana na mvua za kwanza, kama Malawi na Zimbabwe, ambako huuzwa kandokando ya barabara kuu kwa ndoo. Nunua yaliyoiva na uyale upesi, kwani huharibika haraka.

8. Mizizi ya porini uifuate na mwenyeji

Hapa sitanii. Mtwara na Lindi wanachimba ming'oko, viazi vya porini vyembamba vinavyochemshwa na kuliwa kwa chumvi au pilipili, na huuzwa stendi vikiwa vya moto. Ni vitamu na salama. Lakini katika mikoa hiyohiyo kuna ndiga, jamaa wa karibu, ambayo ina sumu. Huliwa wakati wa uhaba, na anayeijua huikata vipande vyembamba, akaviloweka siku kadhaa kwenye maji yanayotiririka, akavikausha, ndipo akapika. Akiruka hatua moja anaweza kuua nyumba nzima.

Mtu aliyekulia mahali huona tofauti kwenye jani na namna kamba ya mmea inavyojisokota. Picha ya simu haitoshi. Wala ujuzi wa mkoa mmoja hautoshi mkoa mwingine: anayechimba ming'oko akiwa amefumba macho Newala asijiamini akifika Kigoma. Kama hukumpata wa kukuongoza, nunua vilivyopikwa.

9. Ukila cha jirani, angalia usimmalizie

Zambia wana chakula kiitwacho chikanda. Hutengenezwa kwa viazi vidogo vya okidi vilivyotwangwa, karanga, pilipili na magadi, kikapikwa hadi kikashikamana na kukatwa vipande. Okidi za Zambia zilipopungua, wafanyabiashara walikuja nyanda za juu za kusini mwa Tanzania, Makete na Rukwa, wakanunua magunia kwa magunia kutoka kwa watu ambao wenyewe hawakuwa walaji wakubwa. Kila kiazi kinachochimbwa ni mmea mzima uliokwenda. Uwanda wa Kitulo, ambao wenyeji huuita Bustani ya Mungu, ulifanywa hifadhi ya taifa mwaka 2005, na maua hayo ni sehemu kubwa ya sababu. Hiki ni chakula ninachokuomba usikitafute, hata kikisifiwa vipi.

Fumbwa wa Kongo yuko njiani kuelekea hukohuko. Ni mmea wa kutambaa wa msituni. Majani yake magumu hukatwa nyuzinyuzi na kupikwa kwa karanga, mawese na samaki wa kukausha. Cameroon wanamwita eru. Anapendwa mno hata Wakongo wa Brussels, mtaa wa Matonge, wanampata dukani. Lakini mwingi hutoka porini, na wachumaji wengi hukata kamba nzima. Ukiwa Kinshasa au Kisangani, mpendelee muuzaji anayechuma majani na kuacha shina.

10. Sokoni, uliza imechumwa wapi

Mchicha na wenzake hufyonza kilichomo udongoni, kikiwa kizuri au kibaya. Mboga iliyokua kando ya barabara kuu, jalalani, au kwenye bonde la mjini linalopitisha maji ya viwanda haifai, hata ikiwa imenawiri kuliko zote. Muuzaji mwaminifu hatachukia swali.

Ukichuma mwenyewe, chunga mranaha. Huota palepale panapopendwa na mchicha na mnavu, kwenye mazizi na mahame, na unapokuwa mche mdogo ni rahisi kuuvuna pamoja na vingine. Majani na mbegu zake vina sumu kali. Ukivunja jani na kunusa, harufu yake nzito na mbaya itakuonya. Chuma kimoja kimoja, usifyeke.

11. Badilishaneni mbegu, pamoja na maelezo ya kupika

Kenya ina mimea zaidi ya 200 ambayo majani yake huliwa, na kazi ya watu kama Patrick Maundu wa Makumbusho ya Taifa na Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta imesaidia sana kuirudisha mingine masokoni. Mwaka 2021 UNESCO iliitaja Kenya kuwa mfano mzuri wa kuhifadhi vyakula vya jadi. Managu na saga, yaani mgagani, sasa ziko kwenye maduka makubwa ya Nairobi. Hili linawezekana Dar es Salaam, Kigali na Bujumbura.

Kwa mkulima mdogo kazi inaanzia kwenye mbegu. Kwenye mgagani, acha mimea michache isichumwe. Maganda yakianza kuwa ya manjano, yakate kabla hayajapasuka, maana yakipasuka mbegu humwagika zote. Anika kwenye karatasi, kisha uziweke miezi michache kabla ya kupanda, kwa kuwa mbegu mbichi za mgagani huota kwa shida. Mlenda ni tofauti kidogo: mbegu zake zina ganda gumu, na wakulima wengi huzifunga kitambaani na kuzichovya sekunde chache kwenye maji ya moto ili ziamke.

Ukimpelekea rafiki yako wa Kampala au Lusaka mbegu hizo, mwandikie pia kikaratasi cha namna mnavyozipika kwenu, na umwombe akutumie chake.